Achari ya embe yaota ukungu

Swali: Kila nikitengeneza achari ya embe huota ukungu kabla ya wiki mbili. Nakosea wapi?

Jibu: Adui yako ni maji, dada. Osha maembe mabichi, magumu, uyafute yakauke kabisa ndipo ukate. Kilo 1 ya vipande itie chumvi gramu 80 hivi, ilale usiku kucha, umwage maji yaliyotoka. Kisha anika juani siku 2 au 3, jioni ukiingiza ndani, mpaka vipande vinywee lakini bado vikunjike. Hapa ndipo wengi hufanya haraka.

Uwatu na haradali vikaange bila mafuta, kidogo tu. Uwatu ukiungua huwa mchungu kama shubiri. Saga, changanya na pilipili ya unga na manjano, uvitie kwenye vipande. Chemsha siki pamoja na kitunguu saumu, ipoe, umimine juu ya vipande hadi vizame.

Tumia chupa ya kioo iliyochemshwa ikakauka, si kopo la bati. Na kijiko kikavu! Nyumbani kwangu mkosaji alikuwa kijiko cha mchuzi. Ukungu ukishaota, tupa yote, usikwangue juu tu.