Ufahamu: Foronya Safi na Chunusi

Soma kifungu kifuatacho, kisha jibu maswali.

Ukiota chunusi, usikubali kuambiwa kwamba wewe ni mchafu. Katika umri wa balehe, homoni huchochea tezi za ngozi kutoa mafuta mengi. Mafuta hayo yakichanganyika na seli zilizokufa huziba vitundu vya ngozi. Bakteria huzaliana humo na uvimbe hutokea.

Hata hivyo, malazi machafu yanaweza kuongeza tatizo. Kila usiku foronya hupokea jasho, vumbi na mafuta ya nywele, na uso wako hulala juu yake kwa saa kadhaa. Kwa hiyo, fua foronya angalau mara moja kwa wiki, suuza mpaka sabuni iishe, kisha anika juani. Ukiishi bwenini, uwe na foronya mbili: moja ikifuliwa, nyingine itumike. Osha uso kabla ya kulala, wala usitumbue chunusi, maana utabaki na makovu.

Foronya safi husaidia, lakini si dawa. Chunusi zikiwa kubwa na zenye maumivu, nenda kituo cha afya; usijipake krimu usiyoijua.

Maswali
(a) Mwandishi anapinga dhana gani katika aya ya kwanza?
(b) Taja vitu vitatu vinavyokusanyika kwenye foronya.
(c) Eleza maana ya: balehe, foronya, tumbua.
(d) Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 30.

Dokezo: Katika (d), usinakili sentensi za kifungu; tumia maneno yako.