Kiti cha Mwamuzi

Somo la mwezi kwa wazee wa usharika na vyama vya vijana. Someni kwanza 2 Samweli 15:1-6, kisha 2 Mambo ya Nyakati 19:4-11.



Mwezi huu twataka kutazama neno ambalo Wakristo wengi hulipita upesi, wakidhani ni la wanasheria peke yao: ni nani amwekaye mwamuzi katika kiti chake, na ni nani awezaye kumwondoa. Kila mtu hupenda hukumu ya haki, lakini wachache huuliza yule mwamuzi aliingia kwa mlango gani.

Tuanze na Absalomu. Alipoutaka ufalme wa baba yake hakuanza kwa mkuki. Aliamka mapema, akasimama kando ya njia ya lango, akawaita wenye mashauri mmoja mmoja. Kila mmoja alimwambia kwamba madai yake ni mema, ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza; na kama yeye Absalomu angefanywa mwamuzi, kila mtu angepata haki yake. Angalieni vema hapo. Absalomu hakuuliza shauri lenyewe lilikuwaje. Watu wawili waliogombania shamba moja wangalipita langoni asubuhi ile, wote wawili wangaliambiwa kwamba wana haki. Huyo hakuwa akitafuta kazi ya mwamuzi; alikuwa akitafuta watu. Naye alijua kwamba aliyekishika kiti cha hukumu amekwisha kuushika ufalme nusu.

Jambo hili si la zamani tu, wala si la mbali. Sisi wa Kyela tuna ndugu zetu ng'ambo ya mto Songwe. Tunaoana nao, twazikana, na siku za soko watu huvuka pale Kasumulu kama avukaye uwanja wa nyumba yake. Kwa hiyo yaliyotokea Malawi mwaka 2020 tuliyasikia kwa vinywa vya shemeji zetu kabla ya kuyasikia redioni.

Tarehe 21 Mei 2019 watu wa Malawi walipiga kura, na Rais Peter Mutharika akatangazwa kuwa mshindi kwa kura zipatazo 38 katika kila 100. Wapinzani wake, Lazarus Chakwera na Saulos Chilima, walikwenda mahakamani, wakisema kwamba hesabu katika karatasi za matokeo zilifutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano waliufuta uchaguzi ule, wakaamuru urudiwe. Siku ile majaji walipelekwa mahakamani kwa gari la jeshi, wamevaa mavazi ya kuzuia risasi. Mutharika na tume ya uchaguzi wakakata rufani. Na tarehe 8 Mei mahakama ya juu kabisa, majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Andrew Nyirenda, ikaithibitisha hukumu ya kwanza. Uchaguzi mpya ukawekwa tarehe 23 Juni.

Sasa sikilizeni lililofuata, maana hapo ndipo penye somo letu. Tarehe 12 Juni, zikiwa zimesalia siku 11 tu, ofisi ya serikali ilitangaza kwamba Jaji Mkuu Nyirenda aende likizo mara moja, akingoja kustaafu. Sababu iliyotolewa ni kwamba siku za likizo alizolimbikiza zilizidi siku za kazi zilizobaki kabla ya kustaafu kwake mwezi wa Desemba 2021. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Hakuna aliyesema kwamba amepokea rushwa, wala kwamba hajui sheria. Alipewa mapumziko.

Katiba ya Malawi huweka mlango mwembamba kwa neno hili. Jaji Mkuu huteuliwa na Rais, lakini Bunge lazima limthibitishe kwa theluthi mbili za wabunge waliopo na kupiga kura. Na kumwondoa jaji ni kwa sababu ya kutoweza kazi au ya mwenendo mbaya, tena kwa njia ya Bunge na ya tume inayosimamia utumishi wa mahakama. Waliotaka Jaji Mkuu aondoke hawakuugusa mlango huo. Walipitia dirishani, na dirisha lenyewe likaitwa likizo.

Chama cha wanasheria, chama cha mahakimu na watetezi wa haki za watu waliomba zuio, na Mahakama Kuu ikalitoa kabla hata ya siku tatu kupita. Tarehe 17 Juni wanasheria walivaa majoho yao wakaandamana barabarani, watu ambao desturi yao ni kusema kwa karatasi tu. Nyirenda akabaki kitini. Uchaguzi ukafanyika, Chakwera akashinda kwa kura zaidi ya 58 katika kila 100, akaapishwa tarehe 28 Juni.

Msomaji mmoja aweza kusema: basi wema wamewashinda wabaya, tufunge kitabu. Tusiharakishe. Hesabu ya siku za likizo yaweza kuwa ya kweli kabisa, wala hatuna haja ya kuikana. Uovu mwingi hufanywa kwa hesabu za kweli. Neno la kuuliza ni hili: kwa nini hesabu hiyo ilifunguliwa siku ile, na mkono wa nani ulifungua daftari? Mkono ulikuwa wa upande uliokuwa umeshindwa mbele ya jaji yule yule mwezi mmoja uliopita, na ambao huenda ungesimama mbele yake tena baada ya uchaguzi. Mtu mwenye shauri hapangi siku ya mwamuzi kupumzika.

Tena tusidhani kwamba jaribu hili ni la chama kimoja. Chakwera alikuwa mchungaji kabla ya kuwa mwanasiasa, akaongoza kanisa lake la Assemblies of God miaka mingi, na Wakristo wengi wa pande zetu walifurahi kwa sababu hiyo. Lakini mwaka 2025 watu wa Malawi walimrudisha Mutharika kwa kura, na Chakwera akakubali kushindwa. Ikiwa mwaka 2020 tulifurahi kwa sababu jaji alibaki kitini, furaha yetu ni njema. Ikiwa tulifurahi kwa sababu tulidhani jaji ni wa kwetu, tulikuwa tumesimama langoni pamoja na Absalomu.

Majirani zetu wa Kenya walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 upande ulionyimwa ushindi ulikataa kwenda mahakamani, ukisema kwamba majaji ni watu wa yule yule wanayemshtaki. Ilikuwa kwao kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Watu wakaiacha mahakama wakashika mapanga, na zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Kisha wakaandika Katiba mpya, ikaanza tarehe 27 Agosti 2010. Hata hivyo mwezi wa Januari 2011 Rais Mwai Kibaki alimtaja Jaji Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu, na Waziri Mkuu Raila Odinga akasema kwamba hakushauriwa kama Katiba ilivyoagiza. Ugomvi mkubwa haukuwa juu ya elimu ya Visram, bali juu ya mlango alioingizwa nao. Mahakama Kuu ikasema mwanzoni mwa Februari kwamba uteuzi ule haukufuata Katiba. Tarehe 22 Februari Rais akaufuta. Ndipo tume ya mahakama ikawaita wenye kuomba kazi hiyo, ikawahoji mbele ya watu wote, naye Willy Mutunga akaapishwa mwezi wa Juni.

Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Machi 2013, mahakama ya Mutunga ilimhukumu nani kuwa ameshindwa? Raila Odinga mwenyewe, yule aliyeupigania mlango. Naye akasimama akasema kwamba hakubaliani na hukumu ile, lakini anaitii. Nchi haikuwaka moto kama mwaka 2008. Twalipenda sana tukio hili kuliko mengine yote tuliyoyataja, maana ni rahisi kuisifu mahakama iliyokupa ushindi.

Huku kwetu Tanzania Katiba ya mwaka 1977 imempa Rais kazi ya kumteua Jaji Mkuu, wala Bunge halimthibitishi. Mahali penye mkono mmoja wa kuteua makelele huwa machache. Lakini makelele kuwa machache si ushuhuda wa kwamba watu wanaamini. Wanasheria wayapime hayo. Sisi twasema tu kwamba Mkristo anaruhusiwa kuyauliza, kwa heshima, bila kuitwa mchochezi. Dk. Martin Luther, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo, alihesabu watawala waaminifu na serikali njema pamoja na chakula na nguo. Tunaomba mvua kwa ajili ya mpunga. Basi na waamuzi wanyofu tuwaombe kwa sala ile ile.

Sasa Yehoshafati. Aliweka waamuzi mji kwa mji, akawaonya kwamba hawaamui kwa ajili ya wanadamu. Lakini lililo zuri zaidi limo katika mstari wa 11, nasi tulilipita miaka mingi bila kuliona. Mashauri ya Bwana aliyaweka chini ya Amaria kuhani, na mashauri ya mfalme chini ya Zebadia. Hata mambo yake mwenyewe mfalme alimpa mtu mwingine ayasimamie.

Wala sisi wa Konde tusiwanyoshee wenzetu kidole. Ugomvi wa viti umekwisha kuingia hata katika nyumba ya Mungu, nasi twajua ulivyotugawa, hata watu wa ukoo mmoja wakaacha kupeana mikono mlangoni mwa kanisa.

Kwa hiyo twawaachia wazee wa kila usharika shauri hili la kuzungumza. Mzee mmoja ana ugomvi na jirani yake juu ya mpaka wa shamba la kokoa, nao utasikilizwa na baraza la wazee mwezi ujao. Mwenyekiti wa baraza ni mzee sana. Miguu yamsumbua, na mara mbili mwaka huu amelala usingizi kikaoni. Jumapili hii yule mwenye ugomvi anasimama kwa upole, anasema kwamba baba yetu huyu amechoka, tumshukuru kwa zawadi, apumzike. Yote aliyoyasema ni kweli. Mtamjibu nini? Na kama shamba lile lingekuwa la kaka yako, ungejibu vivyo hivyo? Kabla ya kujibu, someni tena 2 Samweli 15, mstari wa 6.