Kosoa Kazi, Usimkosoe Mtu: Wanawake na Wanaume Mbele ya Lawama Kazini

Kutoka mtaa wa Makiso hadi wa Mangobo husemwa kwamba mwanamke akikosolewa kazini hulia, mwanamume hukaza uso, na ndivyo walivyoumbwa. Maelezo hayo yanamsahau anayekosoa. Wanasaikolojia wa Marekani Tomi-Ann Roberts na Susan Nolen-Hoeksema, walioandika juu ya jambo hili mwaka 1989 na 1994, waliona kwamba wanawake hubadilika zaidi katika kujipima baada ya kupimwa na wengine. Sababu haikuwa kukosa kujiamini: waliyapokea maoni yale kama habari za kweli kuhusu uwezo wao. Mtu anayesikiliza hivyo anafundishika, na ofisi yoyote ingemhitaji.

Shida iko katika habari anayopewa. Mwaka 2014 mtaalamu wa isimu Kieran Snyder alikusanya tathmini 248 za wafanyakazi wa kampuni za teknolojia za Marekani. Kati ya tathmini 94 za wanawake zilizokuwa na ukosoaji, 71 ziligusa tabia ya mtu. Kwa wanaume zilikuwa 2 kati ya 83. Marekani si mkoa wetu wa Tshopo, na mkusanyo ule ni mdogo. Lakini tofauti ya lawama hizo mbili ni wazi popote: "ripoti hii haina tarehe" husahihishwa kabla ya saa sita. "Wewe mama, kichwa chako kigumu" haina pa kusahihishia. Na hapa kwetu Kongo, hadi sheria ya tarehe 15 Julai 2016, Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa matendo yake ya kisheria. Sheria imebadilika, jicho linalomwona mwanamke kama mgeni ofisini bado lipo, na lawama juu ya tabia yake humkumbusha hilo.

Je, wanawake waambiwe kwa upole zaidi? Hapana. Anayefichwa kosa lake leo atanyimwa cheo kesho bila kujua kwa nini. Wengine watasema wanaume nao huumia. Ni kweli, na uso uliokazwa si ushahidi kwamba somo limeingia. Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi, baada ya kulinganisha tafiti nyingi, walikuta zaidi ya theluthi moja ya maoni juu ya kazi yalishusha utendaji, hasa yalipoivuta akili kutoka kwenye kazi kwenda kwenye nafsi ya mtu. Kwa hiyo shefu amwite mfanyakazi kando, si mbele ya wateja, na barua ya kuomba maelezo itaje tendo, siku na marekebisho yanayotakiwa, kwa maneno yaleyale awe mama au baba. Naye anayekosolewa ana haki ya kuuliza: ni sehemu gani ya kazi?