SOMO: MLANGO ULIOFUNGULIWA USIKU WA KRISMASI

Mpendwa msomaji, usikikunje kikaratasi hiki kabla hujamaliza. Leo tunajifunza kutoka mahali ambapo hukutegemea kabisa, yaani kitabu cha katuni za kutisha. Ndiyo, zile za mizimu, wachawi na maiti wanaotoka makaburini.

Kitabu chenyewe kilitoka Marekani mwaka 1954. Ni toleo la 35 la The Vault of Horror, na kiliuzwa senti 10, bei ambayo mtoto aliimudu. Kampuni iliyokichapa iliitwa EC. Hadithi zake zilikuwa na wasimulizi watatu, wazee wawili wa kutisha wanaotunza makaburi na mahandaki, na wa tatu ni kizee mchawi. Hao ndio walikuwa wakimkaribisha mtoto, wanamtania, wanamchekesha, halafu wanamwacha na woga wake gizani.

Ndani ya toleo hilo kuna hadithi ya Krismasi iliyochorwa na Johnny Craig, inaitwa “...And All Through the House”. Jina hilo limechukuliwa kwenye shairi la Krismasi lililochapishwa mwaka 1823, ambalo watoto wengi wa Marekani wamekua wakilisikia. Shairi linaeleza nyumba iliyotulia, watoto wamelala, wanasubiri zawadi. Sasa sikia nyumba ya Craig ilivyokuwa.

Ni usiku wa mkesha. Mti wa Krismasi umepambwa, nje kuna theluji. Mama wa nyumba hiyo amemuua mumewe usiku huo huo, na maiti bado imo ndani. Binti yao mdogo yuko chumbani kwake, anamsubiri Baba Krismasi. Mara redio inatangaza: mwendawazimu muuaji ametoroka hospitalini, naye amevaa nguo za Baba Krismasi! Kumbe yuko karibu na nyumba hiyo. Mama anamwona. Anakimbia huku na huku kufunga milango na madirisha.

Hebu simama hapo kwanza, ndugu yangu. Simu ipo. Polisi wapo. Kwa nini mama huyu asipige simu?

Hawezi! Wakija polisi wataiona maiti. Msaada upo karibu kabisa, lakini mwenyewe amejifungia njia. Anayemwogopa yuko nje, na kilichomfunga mikono ni kile alichokifanya mwenyewe ndani, kabla hata redio haijasema neno. Mimi nimesoma shule ya msingi tu na kozi ya Biblia, sijui mambo ya wasanii, ila nakwambia mahubiri mengi ya dhambi ya siri hayafiki pale ilipofika picha ile ya mwanamke na simu.

Basi anafunga kila mahali. Lakini mtoto je? Nani amemwambia mtoto? Hakuna. Yeye anajua jambo moja tu, kwamba mwenye nguo nyekundu analeta zawadi. Akamfungulia mlango. Na mama akasikia sauti ya binti yake ya furaha, kwamba mgeni amefika.

Umeona? Katika kitabu kinachosimuliwa na vizuka na mchawi, hadithi hii haina pepo hata mmoja. Ni mke, mume, mtoto na mgonjwa aliyetoroka. Na ndiyo iliyodumu. Mwaka 1972 Waingereza waliitia kwenye filamu, Joan Collins akaigiza mama huyo. Mwaka 1989 ikarudi kwenye televisheni Marekani, ikiongozwa na Robert Zemeckis.

Kuna watu watasema, vitabu kama hivyo dawa yake ni moto. Hilo nalo lilijaribiwa. Desemba 1948, mwezi wa Krismasi, wanafunzi wa shule moja ya kanisa katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, walikusanya katuni wakazichoma. Na miaka michache baadaye kesi ikafika Seneti. Aprili 1954 mwenye EC, William Gaines, alisimama mbele ya kamati iliyochunguza uhalifu wa watoto. Seneta Estes Kefauver akamwonyesha jalada lililochorwa na Johnny Craig yule yule: mwanaume ana shoka, na mkononi ameshika kichwa cha mwanamke. Akaulizwa kama hilo linafaa. Gaines akajibu kwamba kwa jalada la kutisha linafaa, lisingefaa kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi damu ikaonekana inachuruzika. Jamani! Jibu hilo lilimmaliza. Mwaka huo huo wachapaji wakaweka kanuni: hakuna tena maneno ya kutisha kwenye majina ya vitabu, hakuna wafu wanaotembea. The Vault of Horror likafa. Hadithi haikufa, kama ulivyoona.

Lakini lililonishtua zaidi ni hili. Unajua EC ilianzaje? Baba yake William, Max Gaines, ndiye aliyechapa katuni za hadithi za Biblia kuanzia mwaka 1942. Alipoanzisha EC, herufi hizo zilimaanisha katuni za elimu! Mwaka 1947 akafa kwa ajali ya boti. Kijana akarithi kampuni ikiwa inadaiwa, na ilipofika 1950 nyumba iliyochapa Musa na Daudi ikawa inachapa kizee mchawi. Sisemi William alikuwa mtu mbaya kuliko wengine. Nasema mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na waliokuwa nje na viberiti hawakuuona.

Na usidhani kutia damu kwenye Krismasi kulianzia Marekani. Soma Mathayo sura ya 2. Herode anaua watoto wa Bethlehemu, Yusufu anatoroka usiku na mama na mtoto kwenda Misri. Kadi zetu za Krismasi zina nyota na ng'ombe, Herode hayumo. Mathayo hakumficha.

Sasa kazi ya somo hili. Kama kijana wako ana kitabu cha namna hii chini ya godoro, usimnyang'anye kwa makelele. Keti naye, msome wote wawili, mpaka kwenye ukurasa wa mama na simu. Halafu muulize polepole: kwa nini hapigi? Umsikilize atakachojibu. Na akikuuliza wewe, baba, au wewe mama, ni simu gani mnaogopa kupiga, uwe na la kumwambia.