Njia Tuli Katika Mitandao ya Kompyuta

Ruta ni chombo kiunganishacho mitandao ya kompyuta na kuamua kila pakiti ya habari itokee mlango upi. Uamuzi huo hutokana na jedwali la njia lililomo ndani yake. Mitandao inayoigusa ruta moja kwa moja huijua yenyewe. Iliyo ng'ambo ya ruta nyingine haiijui mpaka ielezwe. Njia iliyoandikwa humo na fundi kwa mkono huitwa njia tuli, kwa kuwa haibadiliki mpaka fundi aibadilishe.

Chukua mfano wa shule yenye ruta mbili. Nyuma ya ruta A iko maabara, yenye mtandao 192.168.10.0/24, nyuma ya ruta B iko maktaba, yenye mtandao 192.168.20.0/24. Alama /24 huonyesha kwamba, anwani ikiandikwa kwa kizio cha mbili, tarakimu 24 za kwanza kati ya 32 hutaja mtandao, na 8 zilizobaki hutaja kompyuta. Katika waya unaounganisha ruta hizo, A ina anwani 10.0.0.1 na B ina 10.0.0.2. Kompyuta zote zimekwisha kuelekezwa kwenye ruta zao.

Ikiwa ruta zinatumia Linux, fundi huandika katika A:

ip route add 192.168.20.0/24 via 10.0.0.2

Maana yake: pakiti iendayo maktaba ikabidhiwe B. Wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ni nusu tu. Pakiti itafika maktaba, lakini jibu lake litapotelea B, ambayo haijui maabara iko upande gani. Mwanafunzi aliye maabara ataona kimya, naye atalaumu waya usio na kosa. Kwa hiyo katika B huandikwa njia ya kurudi:

ip route add 192.168.10.0/24 via 10.0.0.1

Amri hizi hufutika ruta izimwapo. Umeme ukikatika usiku, asubuhi shule haina mawasiliano, isipokuwa njia ziwe zimehifadhiwa pia katika faili la mipangilio.

Upungufu mkubwa wa njia tuli ni utiifu wake. Kiungo cha mbali kikikatika, ruta huendelea kupeleka pakiti huko huko, hata kama ipo njia nyingine nzima. Tena hesabu yake hukua upesi: ruta 3 zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na mtandao wake, huhitaji amri 6; ruta 20 huhitaji 380. Ndiyo sababu mitandao mikubwa hutumia taratibu za ruta kupashana habari zenyewe, kama RIP, ambayo maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 1988.

Zoezi: Thibitisha hesabu ya 380, kisha uandike kanuni yake kwa ruta n.