Nani Arudishe Kitabu? Somo la Kuchagua Lugha ya Kompyuta

Mwanachuo atakayefundisha TEHAMA katika shule za Mbeya na Iringa hana budi kujiandaa kwa swali ambalo hata wataalamu hulibishania: je, programu iliyoandikwa kwa lugha ya C ihamishiwe katika lugha kama Java? Uamuzi usio na hoja huweza kuharibu kazi ya miaka mingi.

Tofauti kubwa ya lugha hizo ni utunzaji wa kumbukumbu. C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mnamo 1972, hutafsiriwa moja kwa moja katika lugha ya mashine. Mwandishi mwenyewe huomba nafasi ya kumbukumbu na kuirudisha. Java, iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, huendeshwa chini ya msimamizi anayekusanya nafasi zisizotumika.

Zana: vitabu 10 vya kiada.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi waazime vitabu, kila mmoja akitakiwa kurudisha chake. Atakayesahau atawanyima wenzake. Atakayerudisha kisha akaendelea kuandika ndani ya kitabu kilichokwisha kuazimwa na mwingine ataharibu kazi ya mwenzake. Hizo ndizo hatari za C. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba asilimia 70 hivi ya kasoro za usalama ilizozirekebisha kila mwaka zilitokana na makosa ya kumbukumbu.

Hatua ya pili. Kiranja apite na kukusanya vitabu visivyoshikwa na mtu. Makosa ya awali yatapungua sana, lakini darasa litasimama kidogo kila apitapo, naye kiranja atahitaji nafasi yake. Aidha, anayeshikilia kitabu bila kukisoma hatanyang'anywa. Kwa hiyo msimamizi hamwondolei mwandishi wajibu wote.

Hatua ya tatu. Tuwaongoze wanafunzi kupima. Mfumo wa DHIS2, unaotumiwa nchini kukusanya takwimu za vituo vya afya, umeandikwa kwa Java. Ripoti ya mwezi haiharibiki kwa kungoja nukta chache. Kwa upande mwingine, kiini cha Linux kimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa C, kwa kuwa kazi yake ni kuitawala mashine yenyewe. Basi tuulize: Je, programu inaweza kungoja? Je, kompyuta ina kumbukumbu ya kutosha? Je, kasoro tulizonazo zinatokana na kumbukumbu kweli? Pale inapobidi kuhama, yafaa kuhamisha sehemu moja baada ya nyingine na kuijaribu kila moja.

Tathmini. Shule ina programu ya C ya kutunza alama. Haina kasoro, na kompyuta iliyopo ni ya zamani. Wanafunzi waamue kama ihamishwe, nasi tusahihishe hoja zao kabla ya jibu lao.