Mto Ukifurika: Somo kwa Vijiji vya Tana Chini



Somo letu la safari hii ni kwa wale wanaokaa kuanzia Garsen kuteremka hadi Ozi na Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Wengi wetu tumezoea kutazama juu: mawingu yakikosekana, tunalala. Lakini mto huu haufuriki kwa mvua ya hapa kwetu peke yake. Maji mengi hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu Garissa, ndipo yatufikie sisi. Mabwawa yakijaa, maji ya ziada humwagika kuja chini. Kwa hivyo Kipini kwaweza kuwa na jua kali na huku maji yako njiani.

Uzuri wake ni kwamba tunapata siku kadhaa za kujitayarisha, mradi tuwe tumesikia. Redio ikitangaza kuwa Masinga imejaa, au kuwa watu wa Garissa wanahama, usingoje kuyaona maji mlangoni. Kila kijiji kichague watu wawili wa kufuata habari na kupigia simu jamaa walioko Garissa na Hola. Tunasema wawili kwa sababu mmoja akisafiri, au simu yake ikizimika, kijiji kizima kitabaki kiziwi. Vijana nao wasimamishe mti wenye alama ukingoni, wautazame asubuhi na jioni.

Na bahari tusiisahau. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bahari hupanda sana na kuuzuia mto usimwage maji yake. Furiko likifika siku hizo, vijiji vya karibu na mlango wa mto huumia zaidi. Wavuvi wanazijua siku hizo, waulizwe.

Je, kimbunga? Karibu na ikweta vimbunga ni nadra, kwa kuwa huku mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo ukawa duara. Lakini nadra si kamwe. Kimbunga Hidaya kilipiga kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei 2024, na wavuvi wa pwani ya Kenya walionywa wasitoke. Onyo kama hilo likitoka, vyombo vivutwe juu na kufungwa. Samaki wa siku mbili hawalingani na roho ya mtu.

Sasa tuje kwenye kuhama, maana hapa ndipo penye maneno mengi. Wako wazee wanaosema waliiona gharika ya 1961, wakaiona na ile ya El Niño ya 1997, na hawakufa. Ni kweli, lakini waliokufa hawapo kutoa ushuhuda wao. Tena wako kina mama wanaokaa na maji miguuni kwa kuwa baba yuko safarini na hajatoa ruhusa. Ruhusa hiyo iombwe leo, kukiwa kukavu. Mkubaliane pia ni nani atakayembeba nyanya, na mjamzito atakwenda na nani, na mtaelekea wapi: shule, kanisa au msikiti, mradi pawe pahali pa juu. Vitambulisho, kadi za kliniki na vyeti vya watoto vitiwe kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa vizuri. Mbegu za mpunga nazo zipandishwe. Maji yakipungua, ardhi huwa na rutuba, na ni hasara kubwa kukosa mbegu ya kupanda wakati huo.

Msivuke kwa miguu maji yaendayo kasi. Hata yakiwa ya magotini humwangusha mtu mzima, na mamba hutembea na furiko. Mashua nazo zisijazwe kupita kiasi. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua ilipinduka Kona Punda, kaunti ya Tana River, na watu wakapoteza maisha. Mwenye chombo aandike ubavuni idadi ya watu, na ikishatimia asikubali kubembelezwa, hata na shemeji yake. Usiku asivushe.

Baada ya maji huja maradhi. Vyoo vikifurika, visima navyo vimeharibika, na kipindupindu hakichelewi. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Mtu akihara, apewe maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kidogo kidogo, huku akipelekwa zahanati. Mnyama aliyekufa au aliye mgonjwa asichinjwe wala kuliwa: baada ya mvua za 1997 homa ya Bonde la Ufa iliua watu Garissa. Mbu ndio waienezao, basi chandarua kisiachwe nyumbani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Kijijini kwetu pahali pa juu ni wapi, na je, mwenye shamba lile amekubali? Ni nyumba gani zina mtu asiyeweza kutembea? Nani ana mashua, na mafuta yake yatalipwa na nani?